Nani kahesabiwa? Mwongozo wa kuhakiki haraka utafiti mpya wa korona

Tarehe 22 Mei 2020 jarida la The Lancet lilitoa makala iliyosema kwamba wagonjwa wa korona waliopewa klorokwini au haidroksiklorokwini walikufa zaidi kuliko wasiopewa. Wagonjwa waliotajwa walikuwa 96,032, kutoka hospitali 671 katika mabara sita. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza kusimamisha kwa muda sehemu ya Solidarity, jaribio lake la dawa za korona katika nchi nyingi, iliyohusu haidroksiklorokwini. Tarehe 4 Juni makala ikafutwa, kwa sababu takwimu zilizodaiwa kukusanywa na kampuni ya Surgisphere hazikutolewa zikaguliwe.

Katikati ya tarehe hizo, wanasayansi zaidi ya 100 walikuwa wameandika barua ya wazi kueleza wasiwasi wao. Kipengele kimoja cha barua ile kilihusu Afrika. Kwa hesabu za makala, karibu robo ya wagonjwa wote wa korona barani na asilimia 40 ya vifo vyote vilitokea kwenye hospitali zilizounganishwa na kampuni hiyo, hospitali zenye kumbukumbu za kielektroniki za kila mgonjwa. Muuguzi yeyote wa kwetu aliyewahi kupekua rafu za chumba cha kumbukumbu akitafuta faili moja tu angeshtuka papo hapo. Hakuhitaji shahada ya takwimu. Alihitaji kuulizwa.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya watu kama huyo, pamoja na maafisa afya wa wilaya na kaunti, wahadhiri, waganga na wanafunzi wa uzamili ambao asubuhi hutumiwa makala mpya na jioni hutakiwa kusema kama ifuatwe au iachwe. Virusi vya korona bado vinabadilika na utafiti wake bado unatoka. Saa 48 zinatosha kwa makala moja, mradi kazi ifuate mpangilio. Mwishoni mwa Januari 2020 ilitoka makala iliyodai kwamba virusi hivi vina vipande vinavyofanana na vya VVU. Wataalamu waliisoma, wakaonyesha kwamba vipande hivyo ni vifupi mno na hupatikana kwenye virusi vingi, na ndani ya siku mbili waandishi wenyewe waliiondoa.

Hatua ya 1: Pata watu watatu

Mmoja aujue ugonjwa na tiba yake. Wa pili awe mtakwimu, au mtu wa epidemiolojia, yaani elimu ya kuenea kwa magonjwa, asiyeogopa kupiga hesabu. Wa tatu awe anapajua mahali takwimu zilipotoka: hospitali zake zikoje, watu hupimwaje, nani huenda kituo cha afya na nani hubaki nyumbani. Huyu wa tatu ndiye husahaulika, na mimi naamini ndiye wa kutafutwa kwanza.

Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, kilianzisha mkusanyo wa mapitio ya haraka ya utafiti wa korona chini ya Kate Grabowski na Emily Gurley. Waligawa wataalamu wao katika maeneo manane, kuanzia dalili za ugonjwa na vipimo hadi chanjo, dawa, na hatua zisizo za dawa kama barakoa na kufunga shule. Grabowski alikuwa amefanya kazi ya VVU kwa miaka mingi Rakai, Uganda, na Gurley alikuwa amefuatilia virusi vya Nipah vijijini Bangladesh. Mtu aliyezoea takwimu za kukusanywa nyumba kwa nyumba huisoma namba akijua kwamba nyuma yake kuna mlango uliogongwa, na mwingine ambao haukufunguliwa.

Kabla hamjaanza, kila mmoja aseme kama anafahamiana na waandishi au ana maslahi na dawa inayozungumziwa. Iandikwe.

Hatua ya 2: Chuja

Makala zisizopitiwa bado na wataalamu wenza zinamiminika kila siku kwenye hifadhi kama medRxiv, iliyofunguliwa Juni 2019, miezi michache tu kabla ya janga. Huwezi kuzisoma zote. Jiulize jambo moja: tukiamini makala hii, kuna kitu tutakachofanya tofauti wiki hii? Kama hakuna, iwekwe kando.

Hapa tafiti za maabara zinahitaji tahadhari ya pekee. Aprili 2020 watafiti wa Australia walionyesha kwamba ivermektini huzuia virusi vya korona kuzaana ndani ya seli kwenye chombo cha maabara. Huku kwetu ivermektini si ngeni. Ndiyo watu wanayogawiwa vijijini dhidi ya matende na usubi, kwa hiyo habari ilipokelewa haraka na kuaminiwa haraka. Lakini kiasi kilichotumika maabara kilikuwa juu mno kuliko kinachofikiwa kwenye damu ya mtu aliyemeza dozi ya kawaida. Hata Jik huua virusi kwenye chombo. Makala ya namna hiyo iandikeni "bado ni ya maabara", mwendelee na nyingine.

Hatua ya 3: Soma kuanzia kwenye majedwali

Usianze na ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo wa makala, wala usianze na hitimisho. Huko ndiko mwandishi anakotaka uende, na ukishalisoma hitimisho lake utaisoma makala yote kwa macho yake. Nenda moja kwa moja kwenye jedwali la kwanza na sehemu ya mbinu, ukiwa na kalamu. Andika: waliingia wangapi, waliomaliza ni wangapi, na tofauti yake imekwenda wapi?

Chukua mfano wa makala iliyoifanya haidroksiklorokwini kuwa gumzo la dunia. Ilitoka Marseille, Ufaransa, Machi 2020. Waliosoma ikisiri waliona ushindi: siku ya sita, asilimia 70 ya waliopewa dawa hawakuwa tena na virusi puani, dhidi ya asilimia 12.5 ya wasiopewa. Sasa fanya kama nilivyosema. Walioanza dawa walikuwa 26. Waliohesabiwa mwishoni ni 20. Sita wako wapi?

Makala yenyewe inajibu, kwa wino mdogo wa sehemu ya matokeo. Watatu walihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Mmoja alifariki. Mmoja aliondoka hospitalini. Mmoja aliacha dawa kwa sababu ya kichefuchefu. Kwa maneno mengine, kati ya watu 26 waliopewa dawa, wanne walizidiwa au kufa, na wote wanne waliondolewa kwenye hesabu. Upande wa pili, wale 16 wa kundi la kulinganisha wote walibaki ndani ya hesabu. Ukiwarudisha wale sita na kuwahesabu kama ambao dawa haikuwafaa, asilimia 70 inakuwa 14 kwa 26, yaani karibu 54. Na bado unapima virusi puani tu, wakati familia ya mgonjwa inachotaka kujua ni kama atapona.

Kuna mambo mengine mawili ya kuangalia kwenye makala hiyohiyo. Kundi la kulinganisha halikupatikana kwa bahati nasibu. Baadhi yao walikuwa wagonjwa wa vituo vingine, wengine waliokataa dawa. Na makala ilipokelewa na jarida tarehe 16 Machi, ikakubaliwa tarehe 17. Mmoja wa waandishi alikuwa mhariri mkuu wa jarida hilo. Ilikuja kufutwa rasmi Desemba 2024, zaidi ya miaka minne baadaye. Hatua hii niliyokuonyesha inachukua nusu saa.

Hatua ya 4: Rudia hesabu kwa mkono wako

Wengi huiogopa hatua hii bila sababu. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Aprili 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima kingamwili, yaani alama za kinga zinazobaki baada ya maambukizi, kwenye damu ya watu 3,330 wa Santa Clara, California. Waliokutwa nazo ni 50, yaani asilimia 1.5. Baada ya marekebisho yao walisema walioambukizwa ni kati ya asilimia 2.5 na 4.2 ya wakazi, mara 50 hadi 85 ya waliokuwa wamethibitishwa. Habari ikaenea kwamba korona imeshasambaa sana na kwa hiyo haiui kama ilivyodhaniwa.

Uliza kipimo chenyewe kinakosea mara ngapi. Kilikuwa kimejaribiwa kwenye sampuli 401 za damu zisizoweza kuwa na kingamwili za korona, na kilikosea kwenye 2, yaani asilimia 0.5. Ukizidisha kwa watu 3,330 unapata kama 17 watakaoonekana wameambukizwa kumbe hawajaambukizwa. Hapo bado kuna 33 wa kweli, unaweza kusema. Lakini makosa 2 katika 401 ni namba ndogo ya kuegemea. Waandishi wenyewe walikiri kwamba kiwango halisi cha makosa kingeweza kufika asilimia 1.7. Zidisha tena na 3,330 unapata kama 57. Waliokutwa na kingamwili wote walikuwa 50. Kwa hiyo takwimu hizo peke yake hazikuweza kuondoa uwezekano kwamba wote, au karibu wote, walikuwa makosa ya kipimo.

Kisha rudi kwenye swali letu la mwanzo: nani kahesabiwa? Washiriki walipatikana kwa matangazo ya Facebook. Mtu aliyekohoa Februari akakosa kipimo ndiye angelibonyeza tangazo hilo kwa hamu kuliko jirani yake mzima. Wataalamu wengine walisema hayo yote hadharani ndani ya siku chache, na kabla mwezi huo haujaisha waandishi wakatoa toleo lililorekebishwa. Uhakiki wa haraka ukifanywa kwa heshima hufaidi hata mwenye makala.

Hatua ya 5: Mpe nafasi anayepajua mahali

Linganisha na kazi iliyofanywa Kenya mwaka huohuo na watafiti wa mpango wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust wa Kilifi. Walipima kingamwili kwenye damu ya wachangiaji 3,098, iliyotolewa kati ya 30 Aprili na 16 Juni 2020. Waliokutwa nazo ni 174. Mombasa na Nairobi ndiko walikokuwa wengi. Mpaka mwisho wa Julai nchi nzima ilikuwa imeripoti wagonjwa wapatao 20,000 na vifo 341 tu, kwa hiyo tafsiri yake ilikuwa nzito: virusi vilikuwa vimepita kwa watu wengi sana kuliko waliohesabiwa hospitalini.

Mkaguzi asiyeijua Kenya atasema wachangiaji damu si wananchi wote, na atasimama hapo. Anayeijua ataendelea. Atauliza wachangiaji wakati huo walikuwa kina nani, maana shule zilikuwa zimefungwa na wanafunzi wa sekondari ndio huchangia damu kwa wingi siku za kawaida. Atauliza kama waliochangia ni watu wa kujitolea au ndugu wa mgonjwa walioitwa kurudishia damu, kwa sababu ndugu huyo ameshapita kwenye matatu na kwenye wodi, na hayo yenyewe ni mazingira ya kuambukizwa. Atakumbuka kwamba wazee wa zaidi ya miaka 64 hawamo kabisa. Ataona pia lililofanywa vizuri: kipimo kilijaribiwa kwenye damu ya Wakenya iliyohifadhiwa tangu kabla ya janga, hakikuaminiwa tu kwa sababu kilifanya kazi Ulaya.

Mpigie simu mtu huyo. Usimtumie fomu yenye maswali 30. Msomee jedwali, kisha muulize, "Dada, hii inafanana na unachokiona wodini?" halafu nyamaza usikilize.

Hatua ya 6: Andika ukurasa mmoja

Mapitio ya Johns Hopkins yalikuwa na mpangilio ambao nauona bora kuliko mingine niliyoijaribu. Maoni ya wahakiki yanatangulia. Yanafuata aina ya utafiti, watu na mahali, matokeo makuu, nguvu zake, udhaifu wake, na kile kipya kinachoongezwa. Maoni yatangulie kwa sababu mganga mkuu wa mkoa atasoma mistari mitatu ya kwanza kwenye simu akiwa njiani kwenda kikaoni.

Kwa utafiti ule wa Kenya, mistari hiyo ningeiandika hivi:

*Maoni yetu: Utafiti huu wa wachangiaji damu 3,098 unaonyesha kwamba kufikia katikati ya Juni 2020 maambukizi nchini Kenya yalikuwa mengi kuliko yaliyoripotiwa, hasa mijini. Asilimia kamili isichukuliwe kuwa ya nchi nzima, kwa sababu watoto na wazee hawakupimwa. Hauonyeshi kwamba waliokwisha kuambukizwa hawataambukizwa tena. Unatosha kuishauri kaunti iongeze upimaji. Hautoshi kulegeza tahadhari.*

Angalia sentensi ya tatu na ya nne. Kila uhakiki uwe na sentensi ya utafiti usichoonyesha, maana hapo ndipo watu huteleza, na uwe na sentensi ya uamuzi. "Utafiti zaidi unahitajika" siyo ushauri. Anayesubiri jibu lako anataka kujua kama leo aagize dawa au asiagize.

Uandike pia unamhusu nani. Juni 2020 jaribio la RECOVERY la Uingereza lilitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu iliyomo kwenye maduka ya dawa kila mtaa, inaokoa maisha. Ilikuwa kweli, na ilitokana na wagonjwa zaidi ya 6,000 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Ila usome jedwali. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo ndani ya siku 28 vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Kwa waliokuwa kwenye oksijeni tu, kutoka 26.2 hadi 23.3. Kwa wasiohitaji oksijeni kabisa, waliopewa dawa walikufa asilimia 17.8 na wasiopewa 14.0, hakuna faida, na huenda kuna madhara. Ujumbe unaosema "deksamethasoni inatibu korona" una ukweli ndani yake, na unaweza kumuumiza mtu aliye nyumbani na mafua ya korona akaenda kujinunulia vidonge. Andika "kwa mgonjwa aliyelazwa anayehitaji oksijeni" ndani ya sentensi ileile inayotaja dawa, ili hata akiikata mtu na kuituma peke yake, sharti liende nayo.

Hatua ya 7: Toa daraja

Fupi tu hii. Jarida la mapitio ya haraka ya korona lililoanzishwa mwaka 2020 na MIT Press pamoja na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilitumia madaraja matano ya ushahidi, ambayo kwa Kiswahili nayaita imara, wa kuaminika, unaoweza kusaidia, usiosaidia, na unaopotosha. Wahakiki wenu wapange daraja kila mmoja peke yake kabla hawajazungumza. Wakitofautiana kwa hatua zaidi ya moja, makala isitoke mpaka wameelezana sababu, na kama hawakukubaliana, tofauti yao iandikwe wazi kwa msomaji.

Hatua ya 8: Rudi kwenye makala

Uhakiki mliotuma Jumanne unaweza kuwa na kasoro ifikapo Ijumaa. Wekeni daftari au jedwali la pamoja lenye jina la makala, namba ya toleo mlilolisoma, tarehe, daraja, na majina ya wote mliowatumia. Safu hiyo ya mwisho ndiyo watu husahau kuijaza.

Novemba 2020 ilitoka makala kutoka Misri iliyodai kwamba ivermektini inapunguza vifo vya korona kwa asilimia 90. Haikuwa imepitiwa na wataalamu, lakini iliingizwa kwenye chambuzi kubwa zilizojumlisha tafiti nyingi. Julai mwaka uliofuata mwanafunzi mmoja wa London aliyepewa makala hiyo kama kazi ya darasa aligundua aya zilizonakiliwa kutoka kwingine. Faili la takwimu lilikuwa limefungwa kwa neno la siri. Alibahatisha 1234 likafunguka. Ndani yake kulikuwa na wagonjwa waliokuwa wamekufa kabla utafiti haujaanza, na safu za wagonjwa zilizojirudia kana kwamba zimenakiliwa. Makala ikaondolewa, na chambuzi zilizoitegemea ikabidi zifanywe upya. Kikosi chenye daftari kinajua siku hiyohiyo ni uhakiki upi uliotegemea makala ile na nani waliupokea. Kisicho nalo hubaki kikitumaini kwamba watu watasikia wenyewe.

Marekebisho yapitie njia ileile ya ujumbe wa kwanza. Kama ulituma kwa WhatsApp, sahihisha kwa WhatsApp, kwenye kundi lilelile, kwa urefu uleule. Hata mabadiliko madogo yataje. Utafiti ule wa wachangiaji damu wa Kenya ulipotoka mara ya kwanza Julai 2020 ulikadiria asilimia 5.2, ulipochapishwa kwenye jarida la Science baada ya kupitiwa na kurekebishwa, ilikuwa asilimia 4.3. Ujumbe wake ungekuwa hivi: "Ndugu zangu, mwezi Julai tuliwaandikia asilimia 5.2. Toleo lililochapishwa jaridani linasema 4.3, baada ya waandishi kurekebisha hesabu zao. Ushauri wetu kuhusu upimaji mijini haujabadilika. Mliyemtumia ujumbe wa kwanza, tafadhali mtumieni na huu."